Madirisha ya Mzee Jashvant

Sanket aliileta habari ile kwa furaha ya mtu aliyebeba zawadi. Programu ya zamani ya duka, yenye madirisha manne kwenye kioo cha kompyuta, sasa basi. Kuanzia Jumatatu kila kitu kingekuwa kwenye ukurasa mmoja wa intaneti, na duka lao la Shinyanga pamoja na tawi jipya la Geita yangetazama bidhaa zilezile kwa njia ya simu.

"Mwaka elfu mbili unabisha hodi, Baba. Tusibaki nyuma."

Mzee Jashvant akasema vizuri sana, mwanangu. Angesema nini? Alikuwa amekaa nyuma ya kaunta ile ya vipuri vya pampu tangu Sanket hajazaliwa, na miaka ya karibuni alikuwa amekaa hapo akiwa haoni.

Halikuwa giza kabisa, tuseme ukweli. Presha ya macho ilimwachia mwanga na rangi, ikachukua herufi, sura za watu na ngazi ya mlangoni. Mkewe Bhagwati ndiye pekee aliyejua, naye alikuwa ameapishwa asiseme. Mzee alikuwa na rafiki, fundi saa wa mtaa wa pili. Macho ya fundi huyo yalipokwisha, wanawe walimkalisha barazani na redio, na tangu siku hiyo watu wakawa wanamuulizia hali kwa wengine, mwenyewe yupo palepale. Jashvant alikiogopa kiti kile kuliko kaburi.

Madirisha ndiyo yaliyomsitiri. Sanket alipokuwa akiitengeneza programu ile, mzee alidai kila dirisha liwe na rangi yake na lisihame mahali pake: la bidhaa kijani, juu kushoto, la bei manjano, kulia, na mengine mawili chini. Sanket akacheka, akidhani ni madoido ya uzeeni, akampa. Kumbe mzee alikuwa anajichongea fimbo ya kipofu. Alichapa namba ya kipuri bila kuangalia vidole, akasubiri. Kona ya juu ikigeuka nyekundu, kimekwisha. Ikibaki kijani, kipo. Bei alikuwa nazo kichwani. Wateja wakamsifu kwamba anaijua kompyuta kuliko vijana, naye, mwongo mkubwa, akatabasamu.

Jumatatu ukurasa ukaja mweupe. Mweupe juu, mweupe chini, na mambo yote yamepangwa foleni moja ndefu ya kushusha na kupandisha. Kilichokwisha hakikuwa na wekundu wowote. Kiliandikiwa sifuri ndogo tu.

"Safi, eti?" Sanket aliuliza.

"Safi kabisa," mzee alijibu.

Asubuhi nzima aliponea kwa ujanja. Kila mteja alipoingia alimtuma Sanket stoo, halafu akajibu kwa kukisia. Ndipo akaingia Ngassa, mchimbaji wa Nyarugusu, wakati Sanket ameshasimama begani kwa baba yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Ngassa," alimjibu, maana sauti hazikumpotea.

"Raba ya sili ya pampu imepasuka. Duara letu la mgodi limejaa maji, vijana wamekaa juu wanalitazama tu. Kama hamna, niambie niwahi gari la Mwanza."

Mzee akachapa. Mashine ya simu ikapiga kelele zake, kisha weupe ukatulia kiooni. Akainama kama msomaji. Alikumbuka boksi la sili lilikuwa na kitu wiki iliyopita.

"Zipo," akasema, akipitisha kidole kiooni. "Hizi hapa. Shinyanga nne. Geita... Geita mbili."

Hakuna aliyemjibu. Akadhani hawakusikia, akarudia kwa sauti kubwa zaidi, na bei juu yake.

"Baba," Sanket alisema kwa Kigujarati, polepole. "Laini imekatika. Ukurasa haujafunguka. Hapo hamna kitu."

Kidole cha mzee kikabaki palepale kilipokuwa. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Tangu lini huoni?" Sanket aliuliza.

"Tangu uliponiwekea zile rangi."

Sanket akakaa juu ya boksi la vipuri. Mzee akamsihi, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mwanawe hata mmoja. "Nirudishie madirisha yangu, mwanangu. Kwenye mashine hii moja tu. Sitamsumbua mtu."

"Nimeifuta ile programu, Baba. Niliifuta mwenyewe." Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyevunja kitu, na mzee hakupata wa kumkasirikia. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Sanket akaenda stoo, akarudi na sili. Ilikuwa imebaki hiyo moja tu. Akampa Ngassa, kisha akamshika baba yake kiwiko, akamzungusha kaunta, akamwekea kiti mlangoni penye upepo. Alifanya hivyo kwa upendo mtupu, na mzee akakaa. Bhagwati akaleta chai kutoka nyuma, akamshikisha kikombe mkononi.

Ngassa hakujua Kigujarati, lakini alikuwa ameelewa yote. Akitoka, akasimama karibu kabisa na goti la mzee, akageuka nyuma kumtazama Sanket.

"Pole sana, kaka," akasema. "Na chai anaweza kunywa mwenyewe?"