Sekunde Tisa

Kazini walimwita Mama Bandia, na jina lenyewe hakulichukia. Kazi yake ilikuwa kuandika mashine ambazo hazipo. Kampuni yao ilitengeneza programu ya kusimamia mashine za oksijeni za wagonjwa wa nyumbani, na mashine yenyewe ni ghali, nani atawapa waandika programu waichezee? Basi yeye huandika bandia yake ndani ya kompyuta. Bandia inawaka, inazima, inatoa tarakimu, mpaka programu inaamini imeungwa na mashine kweli. Programu ikifaulu mbele ya bandia, inapelekwa kwa watu.

Mashine halisi waliiazima mara moja tu, siku mbili. Aliipima kama fundi cherehani anavyompima bi harusi, hakuacha kona. Akagundua kwamba umeme ukikatika na kurudi, mashine hukaa kimya sekunde tisa ndipo ijibu. Programu yao ilikuwa inasubiri sita. Isipojibiwa, inaizima mashine na kuiwasha upya. Sasa piga hesabu mwenyewe! Itazima, itawasha, itazima, itawasha, haitafika tisa hata siku moja, na mgonjwa hapati hewa.

Akaandika tisa kwenye bandia. Majaribio yote ya programu yakawa mekundu, yaani yamefeli, na bosi akaja na kikombe chake cha chai.

"Hiyo sita mteja ameshaipigia muhuri," bosi alisema. "Tukiigusa tunaanza ukaguzi upya. Wewe punguza hiyo tisa yako."

"Lakini bosi, mashine ndivyo ilivyo."

"Mashine ipi? Si imesharudi kwa wenyewe? Weka mbili, tutarekebisha baadaye."

Hiyo baadaye nayo! Akaweka mbili. Majaribio yakawa ya kijani, watu wakapongezana, keki ikakatwa, naye akala. Usiniulize kwa nini. Alikuwa amechoka, na mara mbili baada ya hapo alimkumbusha bosi, mara mbili akaambiwa mwezi ujao.

Mwaka haujaisha, mapafu ya baba yake yakaanza kugoma. Hospitali ikamrudisha nyumbani na mashine ya aina ileile, kiboksi cheupe cha programu kikiwa kimefungwa ubavuni. Mzee hakukaukiwa na maneno. Kila mgeni aliambiwa, "Hii kaiandika binti yangu." Hata mtungi wa akiba wa oksijeni aliurudisha, eti wa nini, na mashine ni ya mtoto wake? Binti alikuwepo siku hiyo. Alijipa moyo kwamba mtaa ule umeme haukatiki, akawasomea maelekezo kama yalivyoandikwa: kiboksi kisiguswe na mtu. Aliona aibu kusema, huo ndio ukweli wenyewe.

Jumanne, saa tano asubuhi, mdogo wake akampigia simu kazini. Umeme ulikuwa umeyumba mara moja tu, ukarudi.

"Dada, mashine inawaka inazima, inawaka inazima! Nimesubiri nikidhani itatulia. Baba midomo imekuwa ya bluu!"

"Chomoa kiboksi!"

"Kipi?"

"Cheupe! Vuta waya wake, mashine itajiendesha yenyewe!"

"Si ulisema tusikiguse?"

"Nasema mimi huyohuyo, chomoa!"

"Baba amekishikilia, Dada. Ananikataza kwa kichwa. Baba, niachie. Baba, tafadhali!"

Ikasikika purukushani, kitu kikaanguka, kisha mashine ikaanza kunguruma bila kukatika. Hewa ilikuwa inatoka sasa. Mdogo wake alikuwa anamwita mzee, na mzee haitiki.

Kesho yake sebule ilijaa watu. Mdogo wake alikaa sakafuni, hataki maji, hataki kushikwa.

"Nilimnyang'anya kwa nguvu," alisema. "Nilipochomoa tu, akakata roho. Nimemuua baba kwa mkono wangu."

Mama Bandia akapiga magoti mbele yake. "Nisikilize. Si wewe. Ni mimi. Mashine ilihitaji sekunde tisa, nikaandika mbili ili majaribio yapite. Nilijua. Muda wote nilikuwa najua."

Mdogo wake alimtazama kwa macho yaliyovimba, akamkumbatia. "Usijitwishe mzigo wangu, Dada."

"Nakwambia kweli!"

"Najua unavyonipenda."

Akarudia tena, kwa sauti, tisa, sita, mbili, mbele ya watu wote. Shangazi yao akamshika bega. "Basi, mwanangu, inatosha. Amekusikia." Kisha akawageukia wanawake wenzake. "Mnaona mtoto wa kwanza alivyo? Yuko radhi kubeba hata lisilo lake."

Wakatikisa vichwa kwa huruma. Mdogo wake alikuwa bado analia, ameukunja mkono wa kulia ndani ya kanga asiuone.