Mpira Hausafishi

Mbegu za mahindi zilikaa kwenye karai karibu na mlango. Mvua ilikuwa imeshaanza, lakini hakuna aliyethubutu kupanda katika boma lile, ng'ambo ya Nyamasaria. Agneta, mjane wa Oluoch, alikuwa hajasafishwa, na mjane akitembea na kifo mwilini hata majembe ya shemeji zake hayagusi udongo.

Nyumba ilijaa. Chai ilinywewa, mandazi yakaliwa, umbea ukazunguka pamoja na sinia. Kwenye kiti cha marehemu alikaa Ondiek, mwanamume wa kukodiwa kulala na wajane ili kuwasafisha. Wajane wote kuanzia hapo hadi ziwani walimjua. Wengine walikuwa wameshazikwa.

"Nimekubali," Agneta alisema. "Lakini kwa kondomu."

Wanawake wakaguna. Dishon, shemeji yake mkubwa, akaweka kikombe chini, akamgeukia. "Nyar Seme, mpira haisafishi. Ni ngozi kwa ngozi. Ama unataka laana ya chira imalize watoto wetu?"

"Wacha, mzee," Ondiek akasema, akichomoa pakiti kwenye waleti. "Mimi niko nayo. Hata mbili. Navaa moja juu ya ingine, mama aridhike."

Agneta aliibonyeza kwa vidole. Haikuwa na hewa.

"Hii umeikalia tangu lini, Bwana? Imekauka kama omena. Na mbili zikisuguana zinapasuka." Akaitupa jivuni. "Nitaleta yangu. Nitaminya ncha, nikuvalishe mwenyewe. Ukimaliza unaishika huku chini, unatoka ikiwa bado imekaa. Hatumwagi hapa."

Mtu akacheka, chai ikampalia.

"Mbele yangu!" mama mkwe akafoka. "Hiyo mpira yako ndiyo ilimaliza mwanangu!"

"Mama, mwanao alikuwa na virusi kabla anioe. Tumelala kitanda kimoja miaka yote, na juzi nimepimwa, sina. Yeye ndiye alinifundisha kumvalisha. Nilimpenda, na hakuwahi kuivua. Sasa nimvulie huyu?"

Ondiek akachukua kofia yake. "Mimi nimekuja matanga, sikuja kliniki."

Alipotoka, Agneta aliinua karai, akashuka shambani na kupanda peke yake, wote wakimtazama.

Aliporudi alikuta Dishon juu ya paa na nyundo.

"Mabati ni ya ndugu yangu! Asiyesafishwa hana nyumba hapa!"

Mabati yalishuka kwa kishindo. Wanawake waliokunywa chai yake wakajitwika, wakayapeleka kwa Dishon. Kule shambani wake zake waliinama, wakifukua mbegu kwa vidole.

Mvua ikarudi. Ndani ya kuta zisizo na paa, Agneta alibandika sufuria ya ugali, akafungua mwavuli wa Oluoch.

"Mama, unalowa!" akamwita mama mkwe, aliyesimama uani na bati kichwani. "Ingia ule!"

Mama mkwe hakusogea.

Mwavuli ulikuwa mdogo. Agneta akafunika moto nao, akaendelea kusonga.