Walivyomtunza Mjane wa Kamanga

Getruda wa Pasiansi, Mwanza, alikuwa mtu wa kuogopa mapema. Wingu likitanda Ukerewe, yeye alianua nguo. Simu ikiita kabla ya jua, alikaa chini kwanza ndipo aipokee, ili akizimia asianguke mbali. Kwa hiyo siku binti yake Queen alipomwambia kwamba tamthilia yake sasa itatazamwa kwa kulipia, Getruda aliondoa mguu kwenye cherehani akashika kiuno.

"Kulipia? Watu walipie kuangalia?"

"Walipie, mama. Kila mwezi. Si hela nyingi, ni kama sahani ya wali maharage."

"Wali maharage mtu anashiba, Queen. Ukimwangalia mjane analia, unashiba?"

Queen alikuwa amesomea ualimu, akasubiri ajira mpaka cheti kikaanza kupauka ukutani. Badala ya kukaa ndani akihesabu mabati, alikusanya wenzake wakaanza kurekodi kwa simu tamthilia waliyoiita *Mjane wa Kamanga*. Ni habari ya Kashindye, mwanamke aliyefiwa na mume, na shemeji yake Ndalahwa anayetaka kumnyang'anya nyumba iliyo karibu na kivuko cha kwenda Sengerema. Msimu wa kwanza waliurusha mtandaoni bure, na Mwanza ikashikwa na wazimu. Hata kwenye foleni ya kliniki akina mama walibishana, Kashindye arudi kwao au ashike panga.

Ndipo watu wa Dar wenye app inayoitwa Kochi walipompigia Queen. Walisema msimu wa pili watauonyesha wao, ila kwa sharti. Ndani ya mwezi mmoja wapatikane watazamaji elfu mbili wanaolipia. Wasipofika, hadithi inakatwa kwenye sehemu ya nne na mjane anaachwa palepale, mlangoni, na vyombo vyake vikiwa nje. Naye Queen alishamwahidi baba yake mdogo kwamba hili likishindikana atakwenda Kahama kumsimamizia duka la vifaa vya ujenzi. Misumari na saruji mpaka uzeeni.

Getruda hakulala vizuri wiki nzima. Halafu akafanya anachofanya kila mama: akasaidia bila kuuliza, saa ambazo Queen yuko kwenye kurekodi.

Alilipia yeye wa kwanza. Kisha akaigeuzia televisheni dirishani, ikatazama uani, akapita nyumba kwa nyumba. "Ijumaa saa kumi na mbili njooni kwangu. Chai ipo." Ijumaa ya kwanza walikuja watu kumi na moja. Ya pili wakajaa uani. Ya tatu aliazima mabenchi ya kigango, na bado wengine walisimama nje ya ua. Kokulinda, mwenye duka la vipodozi nyumba ya pili, mwanamke wa Bukoba mwenye ulimi kama wembe, alikuja na kigoda chake chenye mto, kwa sababu benchi la kanisa, alisema, limetengenezwa kwa ajili ya watu wenye dhambi.

Getruda alizunguka na birika, moyo ukipoa kwa mara ya kwanza. Watu hao! Nani alisema watu hawatakuja?

Mfano mzuri huambukiza. Mtaa wa Mabatini, fundi simu mmoja akaigeuzia skrini yake barabarani. Ng'ambo, Sengerema, mwenye hoteli akafanya vilevile. Kila mtaa ukapata Mama Queen wake.

Jumanne ya wiki ya mwisho, Luhende aliingia barazani kwa Getruda. Luhende ndiye aliyeigiza yule shemeji, Ndalahwa. Kwenye maisha yake alikuwa kinyozi wa Mabatini, mtu mpole asiyeweza kuchinja hata kuku. Siku hiyo shati lake lilikuwa limelowa, na jani la mchicha limekwama kwenye kola.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefanywa nini, baba?"

"Nimepigwa na mama muuza mboga. Nimeomba nyanya, akaniambia, 'Nyanya zimeisha kwa wanaowanyang'anya wajane.' Nyanya ziko mbele yangu, mama, zimepangwa mafungu mafungu! Nikasema jamani, mimi ni Luhende, namnyoa mwanao. Akanichapa na fungu la mchicha la jana."

Getruda alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Queen hakucheka.

"Alikuchapa kwa kosa gani hasa?"

"La kulitupa godoro la Kashindye nje, kwenye mvua."

"Godoro ni sehemu ya tatu," Queen alisema polepole. "Sehemu ya tatu haionekani bure popote. Na yule mama ana kitochi, simu ya kubonyeza. Ameionea wapi?"

"Sijui, ila kaiona. Mtaa mzima umeiona. Wananichukia kuliko mwaka jana, Queen. Mabatini peke yake wanaonichukia wanafika elfu mbili."

"Waliolipia ni mia sita na kumi na moja. Tanzania nzima."

Getruda aliyatazama mabenchi ya kigango yaliyoegemezwa ukutani. Moyo wake, uliozoea kufika kabla ya jambo, siku hiyo ulichelewa, na ulipofika ulifika na mzigo wote.

"Queen, mwanangu. Hawa ninaowakaribisha Ijumaa. Kule Dar wanahesabiwa wangapi?"

"Mmoja, mama."

"Hata wakijaa mpaka barabarani?"

"Mmoja. Ni wewe."

Mwenye mtoto asikie hapa. Kila kazi ina chakula chake. Shamba linakula mvua, cherehani inakula uzi, na mzazi anayemwagilia maji cherehani kwa mapenzi ataitia kutu, pamoja na mapenzi yake yote. Muulize mwanao: kazi yako hii inakula nini? Muulize kabla hujaweka birika motoni. Getruda hakuuliza. Aliona vichwa vingi akadhani ni faida, kumbe kwa kila kichwa alichokikaribisha alikuwa anamchotea binti yake maji kwa tenga.

Akasema yote, hapohapo, mbele ya Luhende: dirisha, mabenchi, na fundi simu wa Mabatini aliyemwiga. Queen hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu.

"Basi Ijumaa uwatoze mlangoni, mama. Au ufunge dirisha."

"Nimfungie Kokulinda? Msiba wa baba yako alilala hapa siku nne, anafua mashuka kwa mikono yake. Leo nimwambie kaa benchi kwa hela? Nitamtazamaje?"

"Basi Jumatatu napanda basi la Kahama." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja saa.

Siku mbili zilizofuata Getruda alishona kola nyuma mbele kwenye sare tatu za shule. Alizifumua, akazikosea tena. Alhamisi alikuja mteja kujaribu gauni la sendofu, sherehe ya kumuaga mdogo wake anayeolewa. Akajigeuza mbele ya kioo, akavuta kitambaa kiunoni.

"Mama Queen, nilegezee hapa. Nikitoka kwenda kumtunza bi harusi nataka nicheze, siyo nitembee kama mlingoti."

Pini zikamdondoka Getruda mdomoni, zote.

"Rudia," alisema. "Ukitoka kwenda kufanya nini?"

"Kutunza, mama. Kwani hujui kutunza?"

Alijua. Nani asiyejua kucheza mpaka mbele na noti mkononi, watu wote wakikuona?

Ijumaa uani palijaa kuliko siku zote. Luhende naye alikuja, akajibanza nyuma ya tangi la maji na kofia imeshushwa mpaka puani. Sehemu ya nne ikaisha kwa Ndalahwa kupigilia misumari mlango wa mjane, na Kashindye amekaa juu ya sufuria zake, hana pa kwenda. Ua mzima ulilipuka.

"Mbwa huyu!" Kokulinda alifoka. "Ijumaa ijayo lazima afungwe. Lazima!"

Getruda alipanda juu ya benchi.

"Hakuna Ijumaa ijayo," alisema. "Imeisha. Mjane anabaki hapo mlangoni milele."

Akawaeleza. Elfu mbili, Jumapili jioni, Dar, Kahama. Hakujificha: akasema ni yeye aliyeuziba mlango wa binti yake kwa mabenchi. Watu wakatazamana. Paulo, muuza nyavu, akakohoa.

"Si walipie wenye televisheni?"

"Hata mimi nashangaa," Kokulinda alisema. "Getruda, msibani tunalia bure. Leo nimlilie mjane wa kuigiza kwa hela?"

Watu wakacheka. Kicheko kile kingemshusha Getruda siku nyingine yoyote.

"Kokulinda. Sendofu ya binti yako, ulituuzia tiketi?"

"Mimi? Mungu apishe mbali."

"Tulikula?"

"Tulikula!" walijibu wengine, na mmoja akaongeza, "Mpaka ndizi za kubeba!"

"Kuna aliyeondoka bila kutunza?"

"Angethubutu!" Kokulinda alisema. "Nilikuwa nimesimama pale namwangalia kila mmoja machoni."

"Basi. Mimi siwauzii benchi. Benchi ni la kigango, chai ni yangu, mtainywa mpaka nife. Ila mwenye shughuli leo ni binti yangu. Wiki nne mmecheza ngoma yake, na hakuna aliyesimama kumtunza. Na kutunza, mtaa mzima hautunzi kwa mkono mmoja. Kila mtu anatoka na chake, anaonekana."

Hakuna aliyeinuka. Getruda alianza kuona basi la Kahama, dirisha, mkono wa Queen ukipunga.

Kokulinda akainuka kwenye kigoda. Akakaza kitenge. Akachomoa simu kifuani, akainyanyua juu ya kichwa kama mtu aliyeshika noti mpya.

"Nani kasema binti wa Bukoba anaangalia kwa hisani? Queen! Njoo unionyeshe nibonyeze wapi. Nalipia nimwone Ndalahwa na pingu!"

Akatoka akicheza. Taratibu, mabega kwanza, kama sendofu kweli. Alipopita karibu na tangi, kiwiko chake kikaiangusha kofia ya Luhende.

"Huyu hapa!" watu walipiga yowe.

"Shangazi, mimi ni Luhende tu, kinyozi..."

"Nyamaza, mnyang'anyi! Nishikie mkoba nilipie."

Paulo akageuza ndoo akaanza kuipiga. Vigelegele vikapanda. Wakapanga mstari, simu juu, wanacheza kwenda kwa Queen aliyesimama chini ya dirisha akicheka na kulia kwa wakati mmoja, anawaelekeza mmoja mmoja: bonyeza hapa, weka namba ya siri, usinionyeshe. Wenye vitochi waliwapigia watoto wao walioko mbali. "Wewe uliyeko Dodoma, unamjua mjane wa Kamanga? Mtunze sasa hivi, kwa jina lako, mimi mama yako nimesimama mbele za watu!"

Mmoja wa waigizaji aliirekodi ngoma ile, akaituma mtandaoni. Jumamosi asubuhi Mabatini walikuwa na mstari wao, mbele ya duka la yule fundi simu, na aliyeuongoza juzi hakuwa na simu ya maana: mama muuza mboga, kanunuliwa mpya na mwanawe palepale. Mchana Sengerema wakajibu kwa ngoma kubwa zaidi, maana Sengerema haipendi kupitwa na watu wa mjini. Queen akampigia Alexander wa ofisi ya Kochi, Dar, akamwomba jambo moja. Pale kwenye kitufe palipoandikwa *Lipia*, paandikwe *Mtunze Mjane*. Alexander alicheka, lakini akabadilisha.

Jumapili baada ya misa watu walirudi kwa Getruda bila kuitwa. Queen alikaa kwenye kiti cha cherehani na simu mkononi. Getruda alikuwa amefunika macho kwa mkono, anachungulia katikati ya vidole.

"Soma," alisema. "Hapana, usisome. Soma."

"Elfu moja mia tisa tisini na tisa."

Queen alisubiri, akasoma tena. Palepale.

Kokulinda aligeuza shingo polepole mpaka macho yake yakatua kwenye kona. "Luhende. Wewe umetunza?"

"Mimi, shangazi? Lakini mimi ndiye niliyeiigiza! Naijua yote..."

Kokulinda alimkamata sikio. "Hata shetani anatunza hapa!"

Luhende akalipa akiwa ameshikwa sikio, na ua wa Getruda ukapiga kelele zilizosikika mpaka ziwani. Hazikuisha, kwa sababu namba nayo haikuisha: ilipita elfu mbili, ikapita elfu tatu kabla chai haijapoa. Jioni Alexander akapiga simu. Queen akampa mama yake aongee.

"Mama, hongereni sana. Msimu mzima unaendelea, na wa tatu tunauzungumza. Lakini hebu niambie, mmefanya nini huko Mwanza? Huku tulidhani watu hawalipii."

"Hawalipii, mwanangu," Getruda alisema. "Wanatunza."

Jumatatu basi la Kahama liliondoka na kiti kimoja kitupu. Luhende aliuziwa nyanya Mabatini, zilizopondeka, lakini aliuziwa.

Na Ijumaa iliyofuata, saa kumi na mbili, Getruda alitoka nje akakuta ua umejaa tena, mabenchi, kelele, kigoda chenye mto kimewekwa mbele ya wote.

"Jamani! Si kila mtu amelipia? Mna simu zenu. Kaangalieni kwenu."

"Nimelipia, ndiyo," Kokulinda alisema, bila kuondoa macho dirishani. "Lakini nikae chumbani peke yangu namtukana Ndalahwa, majirani watasema nini? Chai iko wapi? Na sogea, Getruda, unanizibia."