Boliti ya Juu ya Gia Boksi

Ilikuwa lazima pikapu itengemae siku hiyo, kwa sababu kesho yake mama mkwe wa Octavian alitakiwa hospitalini kupasuliwa jicho. Octavian aliiegesha juu ya mtaro nyuma ya nyumba yao Endasak, akaingia chini kushusha gia boksi ili abadilishe klachi. Boliti zote zilitoka isipokuwa ya juu kabisa, ambayo hakuweza kuiona. Aliipapasa, akaivisha spana, akazungusha upande wa kufungulia. Ikazidi kuwa ngumu.

“Baba Evelyne, unaikaza,” alisema mkewe Yusta, aliyekuwa ameinamia injini kwa juu.

“Nafungua, mama. Kushoto ni kushoto.”

“Kushoto kwa nani? Kichwa chake kinaniangalia mimi. Wewe uko mgongoni kwake.”

Octavian alifumba macho, akamwomba Mungu amfumbulie jambo hilo. Bado hakuelewa. Mwishowe, kwa hofu ya kuikata, akazungusha upande aliokuwa na hakika kuwa ni wa kukaza.

Boliti ikalegea.

“Imeachia?” Yusta aliuliza.

“Imeachia. Ila sijui kwa nini.”

“Utajua ukisharudi kutoka hospitali. Endelea hivyo hivyo.”

Akaendelea kuikaza mpaka ikamwangukia kifuani.