Cheti cha Saa Mbili na Nusu

Sitaki kumdanganya mtu: mimi nina hasira za karibu. Mume wangu anajua, watoto wangu wanajua, na nadhani hata mashine za chumba chetu cha mitambo pale hospitali zinajua. Siku hiyo hasira zilinipanda saa nne asubuhi, zikamshukia mwenzangu wa kazi, Baba Mapacha.

Kazi yenyewe ndiyo hii. Tuna seva mbili. Ya mbele inapokea watu: mama mjamzito anafungua simu yake, anaomba tarehe ya kliniki. Ya nyuma ndiyo yenye mafaili ya wagonjwa. Miaka yote zilikuwa zinaongea waziwazi kwenye waya, na yeyote ambaye angechomeka kompyuta yake pale angesoma nani ana mimba na nani ana kisukari. Mkurugenzi akasema basi, aibu hii ikome. Kila seva ipewe ufunguo na cheti chake, kila moja ikague cheti cha mwenzake kabla ya kufungua mdomo, na maneno yote yapite yakiwa yamefungwa. Mwisho saa sita mchana.

Vyeti alivitengeneza Baba Mapacha saa mbili na nusu asubuhi hiyohiyo. Bwana huyu alikuwa kwenye miezi ya majaribio, na mchana huo mkurugenzi alikuwa aamue kama anaajiriwa au anakwenda zake. Nyumbani ana mapacha wa miezi minne, kwa hiyo kazini anakuja macho mekundu, shati amelivaa kinyume. Mimi nikaviweka vyeti mahali pake, nikaandika mipangilio, nikawasha. Wapi! Seva ya mbele ikaniambia muunganisho umekataliwa. Nikazima, nikawasha tena. Umekataliwa.

Mkurugenzi akachungulia mlangoni. "Vipi, tumefika?"

"Tungefika, bosi," nikasema bila hata kugeuka, "kama vyeti visingetengenezwa na mtu anayesinzia."

Akamtazama Baba Mapacha, akatazama saa yake, akaondoka. Afadhali angefoka. Baba Mapacha akavuta kiti, akakaa karibu yangu.

"Dada, umesoma kumbukumbu za seva ya nyuma?"

"Za nini? Tatizo liko mbele."

"Lakini anayekataa yuko nyuma. Si tumuulize yeye?"

Akazifungua. Seva ya nyuma ilikuwa imelalamika mara saba kwamba cheti cha mwenzake hakijaanza kutumika.

"Hakijaanza vipi?" nikang'aka. "Si umekitengeneza leo?"

"Ndiyo. Sasa tuone yenyewe inadhani ni saa ngapi."

Akaandika neno moja. Mashine ikajibu: saa kumi na dakika ishirini, alfajiri. Nje jua lilikuwa linawaka.

Baba Mapacha akaangua kicheko. "Masikini! Kwake hata hakujapambazuka, na cheti cha saa mbili na nusu hakijazaliwa!"

Mimi nilinywea. Mashine ile haitoki nje kwenye intaneti, saa yake tunaiweka kwa mkono, na asubuhi ile ni mimi niliyebadilisha betri yake. Ilikuwa saa tatu kamili, niko kwenye simu na mama mkwe, mkono nao ukaandika tatu. Mashine inaanza kuhesabu usiku wa manane! Saa tatu yetu ya asubuhi kwake ni tisa; tatu niliyoiandika kwake ni usiku bado. Miaka kumi na moja ya kazi, jamani.

Nikarekebisha saa, nikawasha. Zikasomana vyeti, zikaanza kuongea kwa siri kama mtu na shoga yake. Nikapiga makofi peke yangu, na mkurugenzi akaingia.

"Ilikuwa nini?"

Baba Mapacha akaniwahi. "Saa ya mashine ilirudi nyuma, bosi. Betri hizi, unazijua."

Ningeweza kunyamaza. Walahi nilitaka kunyamaza. Lakini nilimwona anavyolikunja shati lake kwa vidole, nikashindwa.

"Haikurudi nyuma. Niliirudisha mimi, kwa mkono wangu huu. Vyeti vyake vilikuwa sawa toka mwanzo. Nimemsingizia."

Mkurugenzi alitutazama wote wawili. Kisha akachomoa karatasi kwenye faili, akaisaini palepale ameiegemeza ukutani.

"Wewe umeajiriwa," akamwambia. "Na kuanzia Jumatatu, chochote dada yako atakachowasha, ukikague wewe kwanza."

"Mimi? Nimkague huyu?"

"Unaogopa?"

"Sana, bosi."

Tulicheka mpaka mkurugenzi akavua miwani. Baba Mapacha akampigia mkewe. Akanisukumia simu. "Mwambie wewe, dada."

"Shemeji," nikasema, "mumeo ameajiriwa. Na mimi ndiye niliyetaka kumharibia."

Upande wa pili kikatoka kigelegele, kirefu, mpaka nikawasikia mapacha wote wawili wameamka wanalia.