Kilo Hamsini na Saba Mkiani

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, maji yakiwa yamekupwa na anga haina wingu wala upepo, winchi iliitoa ndege ya kivita katika matope ya mikoko nyuma ya Chaani, ilikozama mwezi wa Juni mwaka 1942. Lilitangulia pangaboi lililopindika, yakafuata mabawa, moja zima na la pili nusu, na mwisho ukatoka mkia. Juu ya mkia alikuwa amekaa mwanamume wa miaka ishirini na minne, mwenye kaptura ya kaki, miguu imening'inia upande mmoja, mikono imeung'ang'ania ukingo wa bati. Matope yalikuwa yamemfika kwenye kope. Alikohoa, akatema kaa mdogo, akauliza kama injini imezimwa.

"Imezimwa," mwendesha winchi akamjibu.

"Afisa amesema nishuke?"

"Hajasema."

"Basi nipo."

Mwendesha winchi akaongeza mnyororo mmoja upande wa nyuma kwa ajili ya uzito, kazi ikaendelea.

Miongoni mwa mafundi waliosimama ukingoni alikuwamo Munga wa Thoya, mzee wa miaka sitini na mitatu, mgongaji bodi za malori. Chama cha Kufufua Ndege za Vita kilikuwa kimemwajiri kwa sababu Changamwe nzima hapakuwa na mkono mwingine uliojua kuinyoosha alumini bila kuichana. Alimtazama kijana wa mkiani, akayaona masikio ya marehemu baba yake na kidevu chake mwenyewe. Kwa desturi ya Wagiriama, mjukuu wa kwanza hurithi jina la babu. Yule wa mkiani alikuwa Munga wa Thoya, na huyu wa ukingoni alikuwa Munga wa Thoya. Mzee akavua kofia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, somo. Mbona umezeeka hivyo?"

"Ni kazi, babu."

"Na mke wangu hajambo?" Mke wa mjukuu ni mke wa babu, ndio utani wao.

"Mkeo Eddah hajambo. Ila hampakulii mtu mwenye matope."

Kijana akacheka, lakini mikono hakuiachilia.

Ndege ilipelekwa karakana ya Chama, naye akapelekwa nayo. Huko ndiko alikoeleza yaliyomfika, bila manung'uniko, mjukuu wake akimkwangua matope kwa kisu cha kupakia lipu. Kabla ndege ya namna ile haijaruka, alisema, injini ilijaribiwa kwa nguvu zote ndege ikiwa bado imesimama, na mkia wake mwepesi ulitaka kuinuka. Kwa hivyo kibarua mmoja alikalishwa mkiani awe uzito. Rubani akitosheka na mngurumo, aliinua mkono, na kibarua akashuka. Siku ile rubani hakuinua mkono. Alikuwa amechelewa.

"Hakukuona?" Munga aliuliza.

"Aligeuka tukatazamana, somo. Kisha akaondoa ndege. Nikadhani kazi imeongezwa."

Waliruka juu ya hori, mkono ule wa bahari, kwa muda wa mtu kukariri Baba Yetu mara mbili. Pua ikapanda, mkia ukashuka, mikoko ikawapokea.

Nyumbani kwake Mwakirunge zilifika habari nyingine. Wiki ile ile mzee wa mtaa alikwenda na askari wawili, akamwambia mke wake kwamba mumewe ametoroka kazini katika kiwanja cha ndege. Walichukua mbuzi watatu wakaondoka. Mtoro si maiti, kwa hivyo hakuwekewa hanga, yaani matanga, na asiyewekewa hanga hasimikiwi koma, kile kigingi cha mti kinachofungwa kitambaa ili roho ipate pa kukaa. Mke wake hakuwa mjane wala hakuwa na mume. Aliishi hivyo hadi mwaka 1979, akafa hivyo. Binti aliyezaliwa mwezi wa Novemba baada ya ndege kuanguka, Kafedha, aliitwa binti wa mtoro kisimani, akaitwa hivyo siku ya harusi yake, na sasa, akiwa na miaka themanini na miwili, wapo vikongwe wenzake waliomwita hivyo kanisani, kwa sauti ya chini, kwa kuwa ni wacha Mungu.

Mifupa ya rubani ilipatikana katika kiti chake. Ilikuwa kilo tatu na nusu. Ilisafishwa kwa maji ya chupa, ikaviringwa bendera, ikapigiwa tarumbeta, ikarudishwa kwao. Mwenyekiti wa Chama, Bwana Maxwell, alilia mbele ya kamera tatu. Bwana Maxwell alikuwa msomi wa shule ya bweni, mahali ambapo kijana hufundishwa kuamka kwa kengele na kukiri kosa kabla ya kifungua kinywa. La kengele alilishika.

Mwezi wa Mei, mhandisi wa Chama, Nicanor, aliipima ndege. Mkia ulizidi uzito wa asili kwa kilo hamsini na saba. Alipima mara ya pili, akapata kilo hamsini na saba. Mara ya tatu alimwomba kijana ainue mguu, maana ulikuwa umegusa mizani, akapata zile zile. Aliandika katika daftari: *Uzito wa ziada nyuma, kilo 57. Chanzo hakijulikani.* Aliandika hayo akiwa karibu sana, hata kijana akamwonyesha kwa kidevu kalamu yake ilipoanguka. Nicanor akamshukuru.

Mwenyekiti akaamuru puani mwa ndege zifungwe risasi, madini yale mazito ya kutilia nyavu, hadi mizani ikae sawa. Zikafungwa. Baadaye akaja Ismail, mpaka rangi, akaupaka mkia rangi ya majani na udongo kama ilivyokuwa katika picha za zamani. Alipaka kumzunguka mtu. Palibaki pembeni alama mbili za mapaja zisizo na rangi, naye Ismail, fundi mwaminifu, akaandika kwamba pale brashi haikufika.

Jumamosi moja Munga alimleta shangazi yake. Kafedha aliingia karakana kwa mkongojo, amevaa leso mpya, mkononi ana kitambaa cheupe kilichokunjwa. Alisimama chini ya mkia akainua uso.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Wewe ni wa nani?"

"Ni wako. Uliniacha tumboni."

Kijana alimwangalia yule kikongwe. "Uso ni wa mama yangu," alisema. "Na ulimi wako je? Maana mama yangu alikuwa akitukana hata kuku."

"Nimeupunguza nilipookoka."

"Hasara. Mama yako yuko wapi?"

"Alifariki, baba. Chungu chako alikifunika kawa kila jioni. Walimwambia umetoroka."

Hapo ndipo alipobadilika uso, mara ya kwanza tangu matopeni. "Mimi? Nitoroke na nimeshikilia?" Akawaonyesha mikono yake, vidole vimekakamaa juu ya bati. "Tazameni kama hii ni mikono ya mtoro."

"Shuka, baba, twende nyumbani," Kafedha akasema.

"Si wewe uliyenipandisha, mwanangu."

Munga naye akasema, "Shuka, babu."

"Wala wewe, somo. Ndege hii ina wenyewe. Nikishuka kwa neno lenu, ni kweli nimetoroka."

Kafedha hakubishana. Aliomba ngazi, akapanda vidato vitatu akishikwa kiuno na mpwawe, akamfunga baba yake kitambaa cheupe begani. Baba alisema kitambaa ni kizuri na kwamba matopeni kulikuwa na baridi.

Jumatatu yake Munga aliandika barua, kwa mkono, akaifuta mara mbili na kuinakili upya. Fidia hakuitaja. Aliandika kwamba Chama, kwa kuwa ndicho mwenye ndege sasa, kimerithi amri zake. Kwamba kibarua Munga wa Thoya alikalishwa mkiani kwa amri na hajafunguliwa na amri. Kwamba ukoo unakidai Chama neno moja, *Shuka*, litamkwe na Mwenyekiti mbele ya mashahidi, na kumbukumbu iandikwe kwamba mtu huyo alikufa kazini. Shangazi yake ni mzee, aliandika. Angependa kumlilia baba yake kabla hajaliliwa yeye.

Mwenyekiti alimwita ofisini, akamkaribisha kiti, akamtilia chai kwa mkono wake.

"Mzee Munga, barua yako ina adabu. Nimeisoma mara mbili."

"Ahsante, Mwenyekiti."

"Lakini fikiri nami. Cheti cha ndege hii kinasema ilianguka kwa hitilafu ya injini, ikiwa na mtu mmoja. Ndege tunaiuza ng'ambo, na mnunuzi ananunua cheti. Bati angelipata popote. Kule kwao rubani, ukumbi mzima umepewa jina lake. Nikimwambia yule kijana ashuke, nimekiri kwamba alipanda."

"Alipanda."

"Namwona, mzee. Mimi si kipofu. Juzi alinisalimia." Mwenyekiti akakoroga chai. "Nina shauri jema zaidi. Kwenye kibao cha shaba tutaorodhesha mafundi wote. Jina lako limo: Munga wa Thoya. Si ndilo jina lake? Basi mjigawie. Jina moja, watu wawili, kila mtu ameheshimiwa."

Munga aliitazama chai. Juu yake palikuwa na utando wa maziwa uliojikunja kama ngozi ya kidonda. Akakirudisha kikombe katika sahani, akaondoka bila kuinywa, na ladha yake ikamkaa kinywani siku nzima.

Sherehe ya kuikabidhi ndege ilifanywa Ijumaa, tarehe 12 Septemba, saa nne asubuhi, kwa manyunyu mepesi. Palikuwa na hema, wakubwa wa serikali, na sambusa. Mchungaji aliombea roho ya rubani. Mwalimu mmoja aliwapanga wanafunzi wake wapige picha na ndege, akamwomba kijana wa mkiani asogeze goti lisiwazibe watoto. Akasogeza. Mgeni wa heshima alisifu jinsi kila msumari ulivyorudishwa mahali pake. Mkaguzi wa mnunuzi alizunguka na orodha, akafika mkiani, akaandika: *Kitambaa cheupe. Si cha asili. Kiondolewe.* Kikaondolewa, kikatiwa katika ndoo ya matambara ya grisi.

Kafedha alikuwa ameketi mstari wa nyuma. Alikiona kitambaa kikitolewa. Akainuka kwa mkongojo wake, akapita katikati ya viti mpaka jukwaani, na kwa kuwa alikuwa kikongwe hakuna aliyemzuia.

"Mwenyekiti, mwanangu," alisema, na kipaza sauti kikalichukua kila neno, "nina baba yangu pale juu. Sitaki kiti, sitaki sambusa. Nataka umwambie neno moja, nikamzike."

Wageni walimtazama kijana wa mkiani, kisha wakamtazama Mwenyekiti, kwa upole, kama watu wanaongoja gari lililochelewa. Kijana alijiweka sawa, akakaza mgongo, tayari kushuka.

Bwana Maxwell aliinama karibu na kipaza sauti.

"Mama, tunakuheshimu sana," alisema. "Lakini Chama hakidaiwi neno na mtu yeyote. Hapana."

Wakapiga makofi kidogo, kwa sababu hotuba ilionekana kwisha.

Saa nane kontena liliingizwa uani. Munga alikiendea kibao cha shaba na patasi yake, akalikwangua jina lake hadi shaba ikang'aa tupu. Hakuna aliyemuuliza. Kisha, kabla milango haijafungwa, alitoboa matundu mawili ubavuni mwa kontena, usawa wa uso wa mtu aliyekaa mkiani.

"Huko tuendako ni mbali, somo?" sauti ikauliza kutoka ndani.

"Mbali, babu."

"Afisa amesema nishuke?"

Munga alibaki ameegemeza mkono kwenye chuma, ambacho kilikuwa cha moto ingawa jua halikuwapo.

"Amekataa."

"Basi nipo," akasema babu.

Kule Mwakirunge hanga halikuwekwa, kwa kuwa mtu yuko kazini. Kile kitambaa alichokitoa ndooni, Kafedha alikifua mara tatu kwa sabuni ya mche. Grisi haikutoka.