Uyoga Usiopasuliwa

"Usipasue," alisema Mama Kisu, na wauza nyanya wa meza ya jirani wakageuza shingo.

Mdogo wake wa kiume, nyuma ya meza yake ya uyoga, alibaki na kisu hewani. Miaka mitatu hawakupeana hata salamu. Katika soko lile uyoga wa mviringo, ule usiofungua mwavuli na unaoivisha unga wa mbegu zake tumboni, hauuzwi bila kupasuliwa mbele ya mnunuzi. Kwa nje yote ni mamoja. Ukiwa mweupe pe ndani, unaliwa. Ukiwa na umanjano, umekwishaanza kuiva na ni mchungu. Ukionyesha umbo la mwavuli mdogo uliojikunja, hiyo ni sumu, inafukiwa.

Sheria hiyo Mama Kisu ndiye aliyemfundisha mdogo wake, enzi walipouza kwenye meza moja. Na ni yeye aliyepasua uyoga wa mdogo wake mbele ya wateja, akaona mwavuli, akapiga kelele: "Unataka kuua watu!" Haki alikuwa nayo. Angeweza kunong'ona, lakini maneno yalimponyoka, na maji yakimwagika hayazoleki. Siku ileile mdogo wake alihamishia vikapu vyake upande wa pili wa soko. Tangu hapo Mama Kisu hula peke yake.

Jana wifi yake, mke wa mdogo wake, alimdokeza: soko halijasahau, mezani biashara haiendi, Jumamosi wanahama mji.

"Hapa hatuuzi bila kupasua," mdogo wake alisema bila kumtazama. "Wewe ndiye unayejua zaidi."

"Mimi nakuamini."

"Leo?"

Neno hilo lilimchoma. Kabla hajajibu, kisu kilishuka. Vipande viwili vikalala mezani, na wote wawili wakaona: katikati umanjano ulishaingia, kama shuka la zamani. Wauza nyanya walikuwa wananyanyuka kuchungulia. Mdogo wake akaweka kisu chini.

Mama Kisu akavifunika vile vipande kwa viganja. "Mweupe pe!" alitangaza, kwa sauti ileile ya siku ile. "Hata mimi leo sina kama huu. Nifungie."

"Nikubadilishie," alinong'ona mdogo wake.

"Nifungie, mdogo wangu."

Mdogo wake aliufunga kwa gazeti polepole, akikunja kila kona. Alipomkabidhi, midomo yake ilicheza kama mtu anayetafuta neno, lakini mama mmoja alikuwa ameshainama juu ya kikapu akiuliza bei, na nyuma yake mwingine. Mama Kisu akawapisha.

Nyumbani alikaanga kwa kitunguu na chumvi ya kutosha. Uchungu haukutoka. Alikula taratibu, kipande baada ya kipande, akisikiliza viatu vya wapita njia vikikaribia mlango na kupita, mpaka sufuria ikabaki na mafuta tu.